Ng'ombe wa Chuma na Mawe Yaliyolala

Wairimu, niliyemwachia meza yangu ya kazi hapa Naro Moru, ndiye aliyeniambia niandike. Anasema nyinyi mafundi wachanga mnasoma mambo yote kwenye simu, na nikikaa kimya nitazikwa na ufundi wangu kichwani. Nimekubali. Mimi nilitoka shule darasa la pili, na kusoma nilikumalizia kwenye maandishi ya mikebe ya dawa ya kahawa, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya mjue ni mimi nimelikalisha hapo. Wairimu ataniandikia kwa simu. Nimemruhusu arekebishe herufi. Hasira nimemwambia asiiguse.

Sitawaambia nilipata nini wala nilijenga wapi. Anayetaka kujua apite aone. Nitawaambia kazi. Na nitawaambia habari za kifua cha mtu mmoja anayeitwa Gathogo, na mama yake, na kitu fulani cha chuma ambacho hata leo nikikikumbuka mdomo unabaki wazi. Maisha yangu yote nimekuwa nikifungua vitu vya watu. Nilidhani kushtuka kulikwisha zamani.

Nilianza Nyeri mjini, chini ya mzee aliyeitwa Kariithi, mwenye kibanda nyuma ya maduka ya nguo. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya ndugu yangu na maneno mengi. Kariithi hakuniuliza jina. Alinipa tochi iliyokufa akasema, "Fungua."

Nikamuuliza, "Mzee, ina ugonjwa gani?"

"Ningekuwa najua, ningekupa wewe?"

Nikafungua. Akanionyesha kwa kidole, bila haraka, ya kwamba moto wa umeme hutoka kwa betri, hupita njia ya chuma, hufika kwa globu, halafu hurudi nyumbani. Pale unapokataa kupita ndipo ugonjwa ulipo. Hayo ndiyo masomo yangu yote. Mengine niliyoyajua baadaye, ya karabai, ya pampu za kunyunyizia dawa, ya redio, yalikuwa ni hayohayo yamevaa nguo nyingine. Kariithi alikuwa na ulimi mkali kuliko bisibisi yake. Ukifunga skrubu kwa nguvu mpaka ikalia, alikuambia, "Hiyo si shingo ya kuku." Mpaka leo nikisikia skrubu inalia natazama nyuma.

Kuna neno moja lazima niliweke mezani mapema, kwa sababu ndilo lililoleta shida yote. Huku kwetu betri za tochi na redio hatukuziita betri. Tuliziita mawe. Kwa Kikuyu ni mahiga, kwa Kiswahili ni mawe, maana ni ileile. Yakiisha nguvu tunasema yamelala. Na mawe yakilala huyatupi, unayaamsha. Unayaanika juu ya mabati, jua linayapasha, na jioni redio inasema tena, kidogo, kama mgonjwa aliyepewa uji. Siku hizo ukipita Tetu au Othaya alasiri ungeona mawe yamepangwa juu ya mapaa kama vifaranga wanaoota jua, maana matangazo ya vifo yalisomwa jioni na hakuna mtu alitaka kukosa kujua nani amekufa. Jua likikosa, uliyapanga kando ya moto. Kariithi alifanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo. Mama zenu wamefanya, waulizeni.

Kariithi alipofariki nilihamia Naro Moru, kwa sababu Nyeri ilikuwa na mafundi wengi na wapagazi wa mlima walikuwa hawana hata mmoja. Mpagazi ni mteja mzuri kwa fundi mwenye roho ngumu. Kitu chake kimenyeshewa, kimeanguka kwenye mwamba, kimelaliwa, halafu anakuambia kiliharibika "chenyewe tu". Nimetengeneza stovu zilizokanyagwa. Nimetengeneza taa za kichwani zilizochemshwa pamoja na chai, usiniulize vipi. Watu wa Wang'uru nao walikuwa wananiletea pampu za dawa ya mpunga, wakidai fundi wa kwao anabadilisha mpira kabla hajatazama kama umechanika. Nilijivuna. Bado najivuna.

Simu zilipokuja, meza nyingi ziligeuka kuwa za simu. Mimi nilikataa. Nilisema nitabaki na vitu ambavyo mtu anaweza kuviona vikifanya kazi. Wairimu alipokuja kujifunza kwangu alileta vifaa vyake vya simu, nikampa upande wa kushoto wa meza, mimi nikabaki kulia. Tulikaa hivyo kwa amani, kama mke na mume waliochoka kugombana.

Ndipo siku moja akaja Gathogo.

Gathogo ni mtu mzima, ana zaidi ya miaka arobaini, ni kiongozi wa wapagazi. Nilikuwa nimemjua tangu akibeba viazi vya wageni. Alisimama mlangoni amekunja uso.

"Mzee, nimeleta ng'ombe yangu. Haitoi maziwa."

"Peleka kwa daktari ya mifugo."

"Hii ni ng'ombe ya mfuko."

Akaweka mezani kisanduku cha chuma, kinaingia kwenye kiganja. Ubavuni kina tundu, na ndani ya tundu unaona chupa laini ya kufinyika, ina maji mazito ya rangi ya chai. Juu kina mnara mdogo wenye mdomo. Nikakigeuza. Nikasema kwa sauti ya fundi anayejua, "Hii ni pampu ya kuua kupe."

Wairimu akacheka upande wake wa meza mpaka akaangusha kitu.

Gathogo akakichukua, akafinya ile chupa kwa kidole gumba kama anakamua, akabonyeza kifungo, akavuta. Halafu akatoa moshi. Wacha niseme ukweli: hakutoa moshi, alitoa wingu. Kibanda chote kikawa cheupe na kikanuka maembe. Mimi naweka ndoo ya mchanga chini ya meza tangu siku za karabai, kwa sababu karabai ikikasirika haikupi nafasi ya kufikiri. Nilikuwa nimeshaishika.

"Mzee, usinimwagie! Ni mvuke!"

"Mvuke ya nini?"

"Ya juisi."

"Juisi ya kunywa?"

"Ya kuvuta."

"Wewe shule ulienda?"

"Nilimaliza."

"Na walikufunza nini?"

Nilishtuka kweli, si mchezo. Nimeona watu wakivuta sigara, ugoro wanaunusa, wengine bangi vichakani. Lakini mtu kununua maji, ayachemshe kifuani kwake mwenyewe, na bado aje kwangu nimtengenezee sufuria! Nilimwambia aondoe kitu chake.

Hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akanieleza, na hapo ndipo nilianza kusikiliza. Alivuta sigara tangu alipoanza kubeba mizigo. Sasa akifika kambi za juu anakohoa mpaka wageni wanatazamana. Waliomwajiri walikuwa wamemwambia waziwazi: akiendelea kukohoa hivyo, atabaki chini kuhesabu mahema. Mama yake, ambaye anaishi naye, alikuwa anasimama kanisani kila Jumapili kuombea kifua cha mwanawe kwa jina, mbele ya watu, mpaka Gathogo akaanza kukaa viti vya nyuma.

"Nimeacha sigara kwa hizi vepu," akasema. "Kwanza nilinunua zile za plastiki, zenye taa na namba. Mlimani zinakufa. Ukungu ukiingia, imekufa. Ikianguka, imekufa. Na ikikufa huko juu, Mzee, kuna mtu ataninyooshea sigara, na mimi nitaichukua. Najijua."

"Na hii?"

"Hii haina akili."

"Ati?"

"Haina kompyuta ndani. Haiwezi kuharibika kichwa kwa sababu haina kichwa."

Nilivuta taa karibu. Sijui kama nyinyi mnajua ile hisia ya kusikia kitu kimoja cha maana kutoka kwa mtu uliyekuwa umeshamdharau.

"Endelea."

"Zingine unasimama, unafungua, unadondosha juisi juu ya pamba, tone, tone, na vidole vimekufa baridi. Hii chupa iko chini. Nafinya mara moja, inapanda, naendelea kutembea. Mawe yakilala, natoa, naweka mengine. Usiku nalala nayo kwapani, asubuhi iko sawa. Ile ya plastiki mawe yake yamefungiwa ndani, yakilala ni kutupa yote."

Nikakifungua. Skrubu zilikuwa kubwa, za watu wenye heshima. Nikatafuta waya, hakuna. Nikatafuta fyuzi, hakuna. Kulikuwa na betri moja nene kuliko kidole gumba, kipande cha shaba, springi chini ya kifungo, kimpira cha kupandishia juisi, na juu kabisa waya uliosokotwa umekumbatia pamba. Nilimwita Wairimu aje aone. Nilikuwa natazama tochi ya Kariithi! Wameitoa globu, wakaweka pamba yenye maji, wakaipeleka ulaya ikarudi na jina lingine.

Na hapohapo nilishtuka mara ya pili, kwa sababu ya kile ambacho hakikuwemo. Mawe ya tochi ni mazee, yanatoa moto pole pole. Hii betri ya sasa Wairimu aliniambia inatoa moto wote kwa mara moja ukiiruhusu. Na kitu hakina fyuzi. Kifungo kikikwama mfukoni hakuna wa kukiambia basi. Kile ambacho Gathogo anakipendea, kwamba hakina akili, ndicho kinachoweza kumchoma paja.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Kimpira cha shingoni kilikuwa kimechanika, kikavuta hewa badala ya juisi. Nilitafuta kwenye kopo langu nikapata kinacholingana, kile cha mpini wa pampu ya dawa. Kipya, kutoka kwenye pakiti. Sitaki kusikia fundi amechukua kilichotumika, chenye sumu ya viwavi, akamwekea mtu mdomoni. Nikasugua shaba kwa msasa mwembamba, nikaosha njia ya juisi kwa maji moto, maana ile juisi ikikauka inakuwa kama asali ya mwaka jana. Gathogo akafinya. Ikapanda.

"Ng'ombe imepona," akasema.

"Kohoa nje," nikamwambia.

Basi habari zikaenea, wakaanza kuja. Wapagazi wengine. Halafu mfanyabiashara mmoja wa mifugo kutoka Nanyuki, Mwislamu mtaratibu, mwenye ndevu za kupakwa hina, ambaye vepu zake mbili za kwanza ziliuawa na vumbi la kwenda minadani. Nilimuuliza kwa nini asinunue ile inayong'aa, yenye namba. Akanitazama kwa huruma.

"Fundi, mimi nanunua ng'ombe kwa kutazama miguu. Rangi ni ya watoto."

Sikuwahi kupata jibu bora. Yule mtu na Gathogo hawajawahi kuonana, na wote wawili walichagua kitu kilekile kwa sababu ileile: kinafunguka. Kikikataa, unajua kimekatalia wapi. Watu wanadhani fundi anapenda kitu kinachoharibika. Uongo. Fundi anapenda kitu kinachokubali kurudi.

Lakini msiandike mahali kwamba nilikisifu. Nilimwambia kila mmoja, anayetaka na asiyetaka, kwamba kifua ni cha hewa. Nilitazama kila betri, ngozi yake ya plastiki ikichanika sikuirudisha. Nilitazama kifungo kinaruka vizuri. Matundu madogo ya chini, ya kupumulia betri ikikasirika, niliyazibua, kwa sababu wengine walikuwa wameyabandika stika za timu ya mpira. Nilikataza mtu kubeba betri mfuko mmoja na funguo au sarafu. Haya yote niliyasema kwa wenye vepu. Wenye nyumba sikuwa nimewafikiria kabisa, na hakuna aliyekuwa amewafikiria.

Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya manyunyu, wakati jua linakuwa kama mtu mwenye deni, unasikia yuko lakini humuoni. Gathogo alipita asubuhi akaniachia kisanduku. Springi ya kifungo ilikuwa imechoka. Kesho yake alfajiri alikuwa anapanda na wageni.

"Na mawe?" nikamuuliza.

"Mawe yamelala. Nimeacha nyumbani, stima imepotea. Ikirudi nitachaji."

Alisema hivyo kwangu. Baadaye nilijua alikuwa amesema hivyohivyo jikoni kwa mama yake, akinywa chai: "Mama, mawe yangu yamelala, na kesho naenda." Akayaacha kwenye meza, akatoka.

Nilimaliza alasiri. Gathogo hakuja. Mpagazi mmoja akaniambia ameenda Chaka kununua nyama ya wageni. Nikaona, mtu anapanda kesho, bila hiki kitu atanyooshewa sigara, kwa nini nisimpelekee? Nikakitia mfukoni, nikavuka mto mpaka kwao.

Jiko la kwao ni la mbao, limejitenga na nyumba, moshi unatokea kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Nilipiga hodi. Mama Gathogo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, blanketi mabegani, mguu wake mbaya umenyooshwa. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa inachemka. Ni mama aliyenizidi umri kwa miaka mingi, na sauti yake bado ni ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Karibu, fundi. Kaa. Umeletea Gathogo kitu yake?"

"Nimeleta, Mama."

"Vizuri. Na mimi naamshia yeye mawe."

Nikatazama. Kando ya mafiga, kwenye kifuniko cha sufuria, karibu na makaa kiasi kwamba kifuniko chenyewe kilikuwa kimeanza kubadilika rangi, zimelala betri mbili za Gathogo. Alikuwa anazigeuza kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayechoma mahindi. Ngozi ya moja ilikuwa imeanza kujikunja.

Nimeona mambo. Jambo kama lile sijaliona.

"Mama, toka!"

"Nitoke niende wapi?"

"Toka nje! Hiyo kitu itapasuka!"

"Mawe?" Akacheka. "Mawe haipasuki. Nimeamshia baba yake mawe ya redio mpaka akakufa, na hakukufa na mawe."

"Hiyo si mawe!"

"Ni nini?"

Na mimi, fundi, mtu wa miaka yote hiyo ya kufungua na kufunga, nikasimama katikati ya lile jiko sina neno. Ni nini? Betri? Kwake betri ni ile ya gari, yenye maji, ya kubebwa na wanaume wawili. Ningemwambiaje? Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa ni mawe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeziita mawe asubuhi ileile na mwanawe.

Nikamshika mkono. Akaninyang'anya.

"Fundi, umekunywa? Usinivute! Githeri itaungua."

Betri moja ikaanza kunuka. Harufu tamu, ya rangi ya kucha. Sauti ndogo ikatoka, kama nyoka anayefikiria.

"Mama," nikasema, na sijui lilitoka wapi, "hiyo ni risasi."

Alikuwa msichana mdogo miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya uhuru. Wasichana wa rika lake walijua vitu vingi ambavyo hawakuvisema hata kwa waume zao, na kimojawapo ni kwamba risasi haikai karibu na moto. Uso wake ulibadilika. Hakuuliza tena. Aliinuka na ule mguu mbaya kama vile ulikuwa wa mtu mwingine, blanketi likaanguka, akanipita mlangoni mimi mwenyewe nikiwa bado nageuka. Tulikuwa tumefika kwenye ua la mbogamboga betri ya kwanza iliposhika moto.

Haikulia kama bunduki. Ililia kama mtu ameng'oa mabati kwa hasira. Halafu ya pili. Moto mweupe ulipita pale alipokuwa amenyoosha mguu, ukatoka mlangoni, na kitu kikapiga ukuta wa mbao kikabaki hapo kinawaka. Sufuria ilipinduka. Nilingoja mpaka ile sauti ya kufoka iishe, nikaingia na udongo mbichi kwa koleo, nikazika kila kilichowaka. Ukuta ulikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Kigoda kilikuwa kimeungua upande mmoja, ule wa mbele.

Mama Gathogo alisimama kwenye manyunyu bila blanketi. Alikuwa anatazama mlango. Mwishowe akasema, polepole:

"Na hiyo ndiyo anaweka mdomoni?"

Gathogo alifika na nyama begani. Aliona moshi, akatupa nyama, akakimbia. Mama yake hakumngoja aseme.

"Enda ukanunue sigara."

"Mama?"

"Sigara! Enda ununue sigara, uvute kama watu!"

Huyu ndiye mama aliyesimama kanisani Jumapili zote hizo. Gathogo alinitazama mimi. Kisanduku kilikuwa mfukoni mwangu, kimetengenezwa, kizima kabisa, na sikuweza kukitoa. Ungekitoaje mbele ya kile kigoda?

Kesho yake alipanda mlima bila kitu. Aliporudi alipita kibandani kunisalimia, na kabla hajatoa mkono nilinusa sigara kwenye koti lake. Alikaa kwenye kiti cha wateja akakohoa, kile kikohozi cha chini, kinachotafuta kitu kisikipate. Wairimu akaacha kazi akatazama chini. Nilishtuka kuona nimekasirika hivyo kwa ajili ya kifua ambacho si changu.

Hii ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nimeshapanga, macho yangu hayaoni tena skrubu ndogo, na sikutaka kuwa mzee anayetengeneza kwa kupapasa. Nilikuwa nafunga vifaa vyangu kwenye gunia niliposikia fimbo kwenye saruji. Mama Gathogo, na nyuma yake Gathogo, ameinamisha kichwa kama amekamatwa na chifu.

Alikaa bila kukaribishwa.

"Anakohoa," akaniambia. "Anakohoa mpaka mbuzi wanaamka. Nilifikiri nitafurahi, amevuta kitu inajulikana. Sifurahi. Leta hiyo kitu nione."

Nikaileta. Nikaifungua yote mbele yake, kipande kwa kipande, juu ya gazeti. Hakuna mteja alinitazama hivyo tangu Kariithi. Alishika kila kitu. Shaba. Springi. Akafinya chupa mwenyewe, juisi ikapanda, akaruka kidogo kwenye kiti. Nikamwambia kila kitu kinachoweza kuharibika na kinavyoharibika. Nikamwambia pia sijui mvuke unafanya nini ndani ya mtu, na kwamba yeyote anayemwambia anajua yote amwangalie vizuri. Wairimu akaleta betri mpya na kijumba chake cha plastiki. Nikafunga.

"Vuta nione," akamwambia mwanawe.

"Mama, hapana."

Mtu wa miaka arobaini na zaidi, kiongozi wa wapagazi. Kumbe siku zote alikuwa anavutia nyuma ya zizi.

"Vuta."

Akavuta. Wingu likatoka. Mama yake akalifuata kwa macho mpaka likaisha kwenye mabati, mdomo wazi.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama."

"Uuui!" Akanigeukia. "Na ile ingine, yenye iko ndani. Usiniambie ni risasi tena, nilikaa siku mbili bila kulala. Inaitwa nini?"

Nikamwambia watu wanaiita mawe.

"Hapana. Mawe ni yangu, najua kazi yake." Alifikiri, kidole chake kikigonga fimbo. Wairimu alikuwa amekiweka kile kijumba cha plastiki mezani na betri ndani, na yule mama akakitazama kama mtu anayechunguza posa.

"Itaitwa mgeni," akasema. "Mgeni analala nyumba kubwa, anapewa kiti yake, na hakuna mtu anampeleka jikoni kwangu. Umesikia, Gathogo?"

"Nimesikia, Mama."

"Sema."

"Mgeni haingii jikoni."

"Sasa kohoa hiyo umebakisha, twende nyumbani."